Nilifukia Simu Ili Mwanangu Aje

Jumapili, tarehe 1 Machi

Mwanangu amepiga. Amepiga mchana kama kila Jumapili, yuko jikoni kwake, sufuria zinagongana nyuma yake. Akaniuliza nimekula. Nimekula. Akaniuliza goti. Goti lipo. Halafu akamsogeza mtoto kwenye simu nimsikie, na mtoto akapiga chafya. Ndiyo mjukuu wangu huyo. Toka azaliwe mimi namjua kwa chafya tu.

Nikamwambia amlete nimbebe kabla hajaota meno. Akasema, "Mama, si tunaongea kila wiki?" Kisha akasema anawahi zamu kiwandani. Ikakatika.

Nimebaki nimeishika simu, naitazama. Nikaelewa. Adui ni huyu hapa kiganjani. Isingekuwa simu, mwanangu angekuja. Mtu akishaisikia sauti ya mama yake anajiona amefika.

Chai nimepika ya watu wawili tena. Mkono umezoea. Kikombe cha pili nimekinywa mimi, kimeshapoa.

Uani hakuna mtu. Wote wako kwa Mama Friji. Yule mwanamke ana friji moja na televisheni moja, basi wapangaji wote wamehamia kwake. Mtu anaingia kuweka maziwa, hatoki. Anaingia kuchaji simu, hatoki. Nawasikia wanavyocheka. Zamani bomba lilikuwa moja, hapa nje ya mlango wangu, na hakuna aliyepata maji bila kupita kwangu. Nilijua nani kagombana na mumewe kwa jinsi alivyoitua ndoo. Mwenye nyumba akaja akaingiza bomba kila chumba. Watu wakashangilia. Na mimi nilishangilia, mjinga mimi.

Shule sikwenda. Herufi nilizisoma kwenye magunia na makopo ya maziwa. Basi naandika, maana daftari halina pa kwenda.

Jumanne, tarehe 3 Machi

Kijana wa chumba cha pembeni kaja kuazima jembe. Kahamia juzijuzi. Ndevu hadi kifuani, miwani mizito, viatu havai kwa kupenda mwenyewe. Mimi namwita Ndevu. Nikamwambia jembe lipo, ila kwanza akae. Akakaa. Kumbe anaongea!

Anasema ustaarabu wote ni jela. Umeme ni jela, bomba ni jela, saa ya ukutani ni jela, na simu ni askari jela tunayemlisha wenyewe. Anasema maskini hakuzaliwa maskini. Alifanywa maskini siku aliyong'olewa kwenye ardhi yake akaletwa mjini kugombania vitu alivyofundishwa kuvitamani. Mama yake alikuwa anasuka vikapu. Kikaja kiwanda cha ndoo za plastiki kikavimaliza vikapu, kisha mama mwenyewe akaenda kufanya kazi humohumo kiwandani, na moshi wake ukammaliza. Nikamwongeza chai. Kikombe cha pili kimepata mwenyewe leo.

Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akasema tuyaache yote, yaanguke, watu warudi kuishi kwa kutegemeana, mikono kwa mikono. Nikauliza, watu watatembeleana? Akasema hawatakuwa na namna nyingine.

Nimejiunga palepale. Jembe kalisahau.

Alhamisi, tarehe 5 Machi

Mkutano wa kwanza, uani. Ndevu alitarajia umati, akaandaa hadi mahali pa kusimama. Tukawa yeye, mimi, mlinzi wa duka la dawa ambaye akitoka zamu anatafuta popote pa kusinzia, na fundi cherehani wa chumba cha katikati. Fundi alikuja kwa sababu nilimkamata mkono.

Ndevu alisema vizuri. Jua linawaka kwenye miwani, mikono inapaa. Kisha Fundi akauliza kama na cherehani chake ni jela. Ndevu akasema samahani, ndiyo. Fundi akasema basi yeye ni mfungwa anayelisha watoto kutoka humo jela. Akauliza tena: siku hayo yote yakianguka, yataanza kumwangukia nani, wale wa maghorofani au sisi wa huku? Ndevu akasema mwanzoni kutakuwa na maumivu. Fundi akauliza ya nani. Ndevu akavua miwani akaifuta. Fundi akasema, na hiyo pia. Ndevu akasema miwani ni ya kipindi cha mpito. Mlinzi akaamka, akacheka, akalala tena.

Fundi ana mdomo kama mkasi wake, lakini anasema kweli. Shida ni kwamba Fundi akisema kweli mkutano unakwisha, na mkutano ukiisha mimi nabaki na nani? Nikapiga makofi. Nikamwambia aache ubishi, ampe mwenzake nafasi.

Akaniangalia. Akasema, "Bibi, wewe mwenyewe huyaamini haya."

Nikamwambia kazi zake zinamngoja.

Ndevu kanipa cheo. Mwenyekiti wa Uani. Nimekitamka mara kadhaa nikiwa peke yangu chumbani. Kinapendeza.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Siku ya kufukia. Ndevu kasema kila mwanachama afukie mnyororo wake mmoja. Shimo tumelichimba kando ya ukuta, pale lilipokuwa bomba la zamani, udongo wake bado laini. Yeye kafukia saa yake ya mkononi. Mlinzi kafukia tochi iliyokufa. Fundi kaleta pasi iliyoungua waya, akashukuru kupata jalala la karibu. Mama Friji hakufukia kitu. Alisimama mlangoni pake na bakuli la barafu, anatafuna, anatutazama kama sinema.

Mimi nimefukia simu.

Watu waliguna. Ndevu machozi yakamlenga, akasema hajawahi kuona moyo kama wangu. Sikumwambia kuwa moyo wangu una mahesabu yake. Mwanangu atapiga kesho, hatanipata. Atapiga tena, hatanipata. Hofu itamwingia, atambeba mtoto mgongoni, atakuja. Kwa majirani hawezi kuuliza. Namba ya Mama Friji nilikataa kumpa miaka yote, na leo najipongeza kwa hilo.

Mama Friji akapaza sauti kuuliza kama nimeizima. Nikamwambia asinifundishe kazi. Simu ile sijawahi kuizima tangu nipewe, wala sijui inazimiwa wapi. Nimeiweka kwenye kopo la maziwa, nikalifunika, nikalifunga kwa mfuko wa nailoni. Mimi ni mwanamapinduzi, si mharibifu.

Jumapili, tarehe 8 Machi

Ardhi imewika!

Nilikuwa nimesahau. Mwanangu aliniwekea mlio wa jogoo kwenye simu, ili nisiuchanganye na simu za wengine. Basi mchana, uani kimya, mara chini ya ardhi jogoo anawika ndani ya kopo. Sauti nene, ya kaburini. Mlinzi aliruka kutoka usingizini akakimbilia barabarani. Jogoo wa mwenye nyumba akafika mbio, kifua mbele, akasimama juu ya shimo na kuanza kujibu. Wa chini akiwika, wa juu anajibu.

Milango ikafunguka yote. Televisheni ikaachwa ikiongea peke yake. Nikachukua kigoda changu nikakaa juu ya shimo kuiziba sauti, nikaanza kuimba. Kadiri nilivyoimba ndivyo jogoo wote wawili walivyopandisha. Watu walicheka hadi wakashikana. Mama Friji akaja, akainama sikioni kwangu, akasema nifukue, ni mwanangu huyo anahangaika. Nikamwambia mwenyekiti hafukui. Ndevu akasema mtazameni, huyu ndiye binadamu huru. Binadamu huru alikuwa anatetemeka makalio kila simu inapolia.

Hawakuondoka! Wakaleta viti, wakaleta karanga. Kila ikilia wanapiga kelele kama mpirani. Mtoto mdogo wa Fundi alilala mapajani kwangu, jasho lake limelowesha kanga yangu na sikutaka ikauke. Tangu msiba wa mume wangu sijapata watu wengi hivi mlangoni.

Jambo moja tu. Ilipolia mara ya mwisho ilikuwa imechoka. Jogoo akawika nusu, akakatika. Nikajikuta nimeweka kiganja kwenye udongo. Nikakiondoa kabla Mama Friji hajaona.

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Kimya. Simu imekufa huko chini. Viti wamerudisha ndani. Jogoo wa mwenye nyumba bado anazunguka pale shimoni, anamngoja mwenzake. Tuko wawili.

Mwanangu hajafika. Njia ndefu, nampa muda.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Ndevu kasema sasa tuache na bomba. Wanachama wa kweli wanywe maji ya mto. Wanachama wa kweli ni yeye na mimi. Tumekwenda mtoni, kule nyuma ya gereji. Ndevu alibeba ndoo yake hadi darajani, akaitua, akaanza kunieleza uhuru wa maji. Nikabeba yangu hadi nyumbani. Nikarudi nikabeba na yake.

Ndoo ikiwa kichwani nilimkumbuka mama. Mama yangu aliyaishi yote anayoyahubiri huyu kijana. Bomba hakuwa nalo, taa hakuwa nayo, hospitali hakuwahi kuiona. Shingo ilikuwa imeingia mabegani kwa kubeba. Alituzaa wengi, tukabaki mimi na kaka yangu. Wengine aliwazika, huyu kwa kuhara, huyu kwa surua, huyu kwa homa ambayo hakuna aliyeijua jina. Sikumsikia hata siku moja akisema yuko huru. Alikuwa anasema kiuno kinamuuma.

Nilitaka kumwambia Ndevu. Maneno yalikuwa yameshafika kwenye meno. Lakini alikuwa anatembea kando yangu polepole, kwa mwendo wa goti langu. Kwenye tope alinisubiri. Kwenye mtaro alinishika kiwiko. Hakuna aliyenishika kiwiko siku nyingi. Ningesema, angenyamaza, na akishanyamaza ataondoka.

Nikamwambia maji haya ni matamu kuliko ya bomba. Yananuka oili.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Tulikuwa tumekwenda mtoni tena. Tukarudi jua likiwa limepanda. Uani kimya, lakini kimya cha watu waliopo. Fundi yuko nje, cherehani kimesimama. Mama Friji amekaa kwenye kizingiti cha mlango wangu. Wangu!

Nikamwambia leo hakuna mkutano. Hakucheka. Akasema, "Dada, tua ndoo kwanza."

Nikatua.

"Mwanao alikuja. Na mtoto."

Kiwanda kinawahamishia wafanyakazi tawi jingine, mbali zaidi, na basi lao lilikuwa linapita hapa mjini leo. Dereva alimruhusu ashuke wakati wenzake wanakula. Ndiyo maana alipiga Jumapili, kuniambia Alhamisi nisitoke. Alipiga, alipiga, akadhani nimekufa. Leo kafika akagonga mlango wangu, akachungulia dirishani, akaita. Fundi alitoka mbio kunitafuta sokoni. Mlinzi akaenda kanisani na msikitini kote. Nani angewaza mtoni? Nani anamtafuta mtoni mtu mwenye bomba chumbani?

Mtoto alilala kwa Mama Friji. Kitandani kwake. Alipoamka, Mama Friji alimfuta uso kwa maji baridi, mtoto akacheka. Mama Friji anasema ana kidevu changu. Nilitaka kumuuliza kidevu changu kakijulia wapi, maana mimi nikipita kwake huwa natazama ukuta. Kumbe yeye huwa ananitazama.

Kisha honi ikapigwa barabarani. Mwanangu alisimama pale mlangoni pangu mpaka honi ya pili. Basi.

Soksi moja ya mtoto ilidondoka uani. Fundi kaiokota, kaikung'uta vumbi, kanipa. Nimeijaribu kwenye kidole gumba. Inaenea.

Ndevu alisimama tu na ndoo yake. Akasema, pole, Bibi. Kisha akachota kikombe cha maji ya mto akanywa, akasema kiapo ni kiapo. Nikamwacha anywe.

Ijumaa, tarehe 13 Machi

Tumbo la Ndevu limeachia. Alfajiri nimemkuta sakafuni, midomo imekauka, anaomba nisimwite mtu. Nikamwita kila mtu. Fundi kaleta pikipiki, tukampeleka zahanati, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Wakamtundikia dripu. Akailaani hiyo dripu kwa sauti ndogo huku anauangalia ule mkono usiondoke sindanoni.

Sasa nikamwambia. Alikuwa anaondoka hata hivyo, nesi alishampigia dada yake. Nikasema, "Mjukuu wangu, mama yangu aliishi hivyo unavyotaka wewe. Hakupona."

Akafumba macho. Akasema, "Bibi, na mama yangu aliishi na kiwanda. Naye hakupona."

Dripu inadondoka. Ningekaa pale wiki nzima bila jibu nikiwa na mtu.

Dada yake kafika na gari mchana huohuo. Analia, anamtukana, anampiga begani, anamfunika shuka, yote kwa mkono uleule. Nilimtazama nikaona wivu. Nikamwambia Ndevu aende, ale, avae viatu. Akanishika mkono, akasema wazo halijashindwa, ni tumbo tu. Harakati ananiachia mimi.

Chama kina mwanachama mmoja sasa. Mlinzi amehamia kusinzia kwa Mama Friji, anasema kuna feni.

Jumamosi, tarehe 14 Machi

Nimefukua. Kopo zima, simu kavu, imekufa. Umeme wa chumba changu nilimwomba mwenye nyumba aukate tarehe sita, kwa ajili ya harakati, na fundi wake wa umeme hapatikani hadi wiki ijayo. Kwa hiyo nimekwenda kwa Mama Friji. Nimepita ule mlango. Niliandaa hotuba kuhusu majirani wanaolaza watoto wa watu kwenye vitanda vyao. Akanipokea simu mkononi, akaichomeka, akanisogezea kiti. Hotuba ikaisha hivyo.

Ilipowaka tu, ikawika. Chumba kizima kikapiga kelele. Mwanangu.

Alilia kwanza. Kisha akanisema. Alinisema kama mimi nilivyokuwa namsema akichelewa kurudi na dumu. Nilimwacha amalize. Akasema, "Mama, nilidhani umekufa." Nikamwambia sijafa. Akasema likizo yake iko mwisho wa mwaka, atakuja kukaa, atamleta mtoto, ila hadi hapo nimwahidi kitu kimoja. Nipokee simu.

Nikaahidi. Mbele ya mashahidi.

Wakati natoka Mama Friji alinisindikiza hadi mlangoni kwangu, hatua chache zile. Akasema, "Dada, mlango wangu haujawahi kufungwa kwako. Wewe ndiye hupiti." Kesho wanapika pamoja, nije. Kiti changu kipo.

Nikamwambia nitaangalia, nina kazi nyingi. Kazi gani, hakuuliza. Mtu mwenye adabu.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Nimeamka na akili safi.

Tuyaangalie mambo yalivyo. Miaka yote nilipokuwa napokea simu, mwanangu alikuja? Hakuja. Nilifukia simu Jumamosi, Alhamisi yuko mlangoni na mtoto. Mama Friji anasema angekuja tu, basi lilikuwa linapita. Fundi anasema hivyohivyo. Mwanangu mwenyewe kasema hivyohivyo. Wote hawajui kufikiri. Mbinu ilifanya kazi. Kosa lilikuwa moja tu, sikuwepo nyumbani.

Nimechimba tena kabla watu hawajaamka, chini zaidi. Betri imejaa, shukrani kwa Mama Friji. Safari hii sitoki. Mtoni sendi, sokoni sendi. Mama Friji kaja kupiga hodi, nikamwambia kupitia dirishani kuwa ninajisikia vizuri hapahapa. Mlango wake ameuacha wazi. Kutoka nilipokaa naviona viti, na kimoja hakina mtu. Wanacheka kule. Harufu ya vitunguu inakuja hadi huku.

Kigoda changu kiko mlangoni. Soksi iko mfukoni. Chai nimepika ya watatu, ingawa mmoja bado hanywi.

Mchana jogoo kawika chini ya ardhi. Wa mwenye nyumba kafika mbio, masikini, kifua mbele. Watu wamechungulia, wameguna, wamerudi ndani. Wameshazoea.

Piga, mwanangu. Piga tena. Mama yuko nyumbani.